Kitufe kimoja, maana tatu: NVDA, JAWS na Narrator kwenye kompyuta za Malindi

Asiyeona anayefanya kazi za kompyuta Malindi ni nadra kukaa na mashine moja. Nyumbani Maweni ana laptopu ya mtumba yenye NVDA, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Ofisini amekuta JAWS, kisoma skrini kingine, masalio ya mradi uliokwisha. Siku stima zikipotea mtaani huenda saiba ya mjini yenye jenereta, na huko hakuna kilichomo ila Narrator, kwa kuwa huja na Windows yenyewe. Sauti tatu si taabu, sikio huzoea sauti kwa siku mbili. Taabu ni vidole. Ndiyo maana tathmini hii haikutafuta kisoma skrini chenye sauti tamu. Imeuliza swali moja: mtu akiinuka kwenye mashine hii akaketi kwenye ile, vidole vyake vitafika vilikokusudia?

Jibu kwa ufupi: NVDA na Narrator zinaelewana kiasi cha kutosha, JAWS ina njia zake, na vitufe vinavyogombana ni vichache kuliko inavyosemwa. Ila vichache hivyo vimekaa pabaya: pale mtu anapoingia kwenye fomu, anapotafuta kiungo, na anapotaka kusomewa ukurasa mzima.

Umri wa programu hizi unaeleza sehemu kubwa ya ugomvi. JAWS ndiyo mkubwa wao. Ilianza Marekani mwaka 1989 mikononi mwa Ted Henter, zama za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na ilijipangia vitufe bila kulazimika kumtazama mwenzake. NVDA ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, mwenyewe asiyeona. Ni ya bure, na ilichukua baadhi ya amri za waliotangulia ikazibadili nyingine. Narrator imo ndani ya Windows tangu Windows 2000, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya dharura tu. Mpangilio wake wa sasa wa vitufe, uitwao Standard, ulikuja 2018, na hapo ndipo ilipoanza kufanana na wenzake.

Kitufe cha amri: Insert au Caps Lock?

Kila kisoma skrini kina kitufe kinachoshikiliwa kabla ya amri zake. Hapa tutakiita kitufe cha amri. Narrator hukubali Insert na Caps Lock bila kuguswa. NVDA huja na Insert, kisha kwenye dirisha lake la kwanza la kukaribisha huuliza kama Caps Lock nayo itumike, weka tiki. JAWS hutumia Insert katika mpangilio wa kompyuta ya mezani, na Caps Lock katika mpangilio wa laptopu.

Ushauri wetu ni Caps Lock kila inapowezekana. Kwenye laptopu nyingi za mtumba Insert haina nyumba: mara imepangishwa pamoja na Delete, mara haipatikani bila Fn, na kila kampuni huiweka inapopenda. Caps Lock iko kushoto kwa A kwenye kila kibodi utakayouziwa. Kidole kidogo cha kushoto huifikia huku kidole cha shahada kikibaki kwenye mwinuko wa F, na mkono hauhami. Ukitaka herufi kubwa kwa kazi yake ya kawaida, igonge mara mbili haraka. Wanaoigonga polepole hudhani imewaka kumbe bado, au imewaka bila wao kukusudia, na ndipo nywila hukataliwa mara tatu mfululizo.

Safu ya F1 hadi F12 ina mtego wake. Laptopu nyingi huuzwa zikiwa safu hiyo inapandisha sauti na kupunguza mwanga, kwa hiyo Caps Lock na F7 haileti orodha ya viungo bali inagusa jambo jingine kabisa. Kwenye Dell na Lenovo nyingi, Fn na Esc hufunga au kufungua hali hiyo. Kwenye baadhi ya HP ni lazima kuingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, na kuzima kipengele kinachoitwa Action Keys Mode. Kisoma skrini hakizungumzi ndani ya BIOS, basi hiyo ni kazi ya kumwachia fundi kabla hujaondoka dukani.

Malindi ina mtihani wake wa pekee: kibodi za Kiitaliano. Wakaazi wa Kiitaliano wanaporudi kwao laptopu zao huingia sokoni, na anayenunua kwa kupapasa hatambui tofauti, maana herufi zote ziko mahali pake. Zinazohama ni alama. Kwa mpangilio wa Kiitaliano, alama ya @ hutoka kwa AltGr (Alt ya kulia) na kitufe kilicho kulia kwa L, na Shift ya kushoto ni fupi kwa kuwa kuna kitufe cha ziada kati yake na Z. Usimlipe fundi kubadilisha kibodi. Ongeza mpangilio wa Kiingereza cha Marekani katika mipangilio ya lugha ya Windows, uuchague kwa Windows na Space, na yaliyochapishwa juu ya vitufe waachie wenye macho. Kumbuka tu kwamba @ sasa ni Shift na 2.

Yanayokubaliana

Kitufe cha amri na T husoma jina la dirisha katika zote tatu. Kitufe cha amri na F12 hutaja saa. Kitufe cha amri na 1 huwasha msaada wa kibodi, ambapo kila kitufe hujitaja bila kufanya kazi yake. Ctrl peke yake hunyamazisha. Kwenye kurasa za intaneti, H huruka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, 1 hadi 6 hutafuta kichwa cha ngazi hiyo, B kitufe cha ukurasani, E kisanduku cha kuandikia, X kisanduku cha tiki, C orodha ya kuchagua, T jedwali. Shift ikiongezwa hurudi nyuma. Ndani ya jedwali, Ctrl na Alt na mishale huhama seli kwa seli. Mtu aliyeyashika haya tu anaweza kusoma tovuti yoyote iliyojengwa vizuri kwenye mashine yoyote mjini.

Hiyo Ctrl na Alt na mishale ina kituko. Kwenye laptopu za zamani zenye mtambo wa picha wa Intel, vitufe hivyo hivyo hugeuza skrini kichwa chini, miguu juu. Ukiwa ndani ya jedwali kisoma skrini huvidaka kabla havijafika huko. Ukiwa nje ya waraka hupita, skrini inapinduka, na asiyeona hana habari mpaka mwenye macho apite na kushangaa. Ctrl, Alt na mshale wa juu huirudisha. Dawa ya kudumu ni kuzima vitufe vya mkato ndani ya mipangilio ya Intel yenyewe.

Yanayogombana

Space ndiyo mbaya kuliko zote. NVDA na Narrator zote hutumia kitufe cha amri na Space kubadili hali: kutoka hali ya kusoma, ambamo H ni amri, kwenda hali ya kuandika, ambamo H ni herufi. JAWS hufanya kazi hiyo kwa Insert na Z. Insert na Space ya JAWS ni mlango wa amri za hatua mbili: inatoa mlio mdogo, kisha inasubiri kitufe kingine. Sasa mtazame aliyezoea NVDA amefika kwenye kisanduku cha barua pepe. Anabonyeza Insert na Space, anasikia mlio, anadhani amefaulu, anaanza kuandika anwani inayoanza na s. Ile s ya kwanza haiandikwi. Kwa JAWS, Insert na Space kisha S ni amri ya kunyamaza, na mashine inakuwa bubu katikati ya fomu. Wengi hapa huzima kompyuta kwa kitufe cha stima na kupoteza kila walichojaza. Kumbe ni kurudia: Insert na Space, kisha S.

Herufi moja moja nazo zina yao. K kwa NVDA na Narrator ni kiungo kinachofuata. Kwa JAWS ni alama ya mahali ambayo mtumiaji mwenyewe ameiweka, na kama hakuweka, K haimpeleki popote. Viungo kwa JAWS hufuatwa kwa Tab, au kwa U ambavyo havijafunguliwa na V ambavyo vimeshafunguliwa. R kwa NVDA na Narrator ni kile kiduara cha kuchagua kimoja kati ya vingi. Kwa JAWS kiduara ni A, na R ni eneo la ukurasa, kama vile menyu au sehemu kuu. Maeneo hayo kwa NVDA na Narrator ni D, na D ya JAWS huruka kwenye kitu cha aina tofauti na ulichosimamia. Hebu fikiria fomu inayouliza mume au mke: mtu anabonyeza R kutafuta viduara, JAWS inamrusha hadi sehemu nyingine ya ukurasa, na yeye anaamini swali hilo halimo.

Namba 3 pia ni ya kuhadhari. JAWS na Narrator hutumia kitufe cha amri na 3 kupitisha kitufe kinachofuata moja kwa moja kwa programu, bila kisoma skrini kukidaka. NVDA hufanya hivyo kwa kitufe cha amri na F2. Kwake 3 hubadilisha usomaji wa maneno unayoandika. Aliyetoka kwenye JAWS akibonyeza Insert na 3 kwenye NVDA huona mashine imeanza au imeacha kutamka maneno yake, na hajui kwa nini. Insert na F2 nayo kwa JAWS hufungua orodha ya vyombo vyake vya ndani.

Q ni hatari ya kimya. Insert na Q kwa JAWS hutaja tu faili ya mipangilio inayotumika. Kwa NVDA ni amri ya kufunga, na ukimaliza na Enter sauti imekwenda. JAWS hufungwa kwa Insert na F4, Narrator kwa kitufe cha amri na Esc.

Orodha, zote kwa kitufe cha amri pamoja na safu ya F: NVDA ina dirisha moja kwa F7, na ndani yake Alt na K huleta viungo, Alt na H vichwa, Alt na F sehemu za fomu, Alt na D maeneo. JAWS na Narrator zimegawa, F7 viungo na F6 vichwa. F5 kwa JAWS ni fomu, kwa Narrator ni maeneo. Dirisha moja la NVDA tunalipenda zaidi, maana kitufe cha kukumbuka ni kimoja.

Mtego ulio ndani ya NVDA yenyewe

Huu unawapata hata wasiojua JAWS ni nini. NVDA ina mipangilio miwili, ya mezani na ya laptopu. Katika wa mezani, kitufe cha amri na mshale wa chini husoma mfululizo hadi mwisho, sawa na JAWS na Narrator. Katika wa laptopu, vitufe hivyo hivyo husoma mstari mmoja unaofuata, basi. Kusoma mfululizo kumehamia kwa kitufe cha amri na A, na kusoma mstari ulipo kumehamia kutoka mshale wa juu kwenda L. Mwanafunzi aliyefunzwa kwenye kompyuta ya mezani darasani hurudi nyumbani kwa laptopu, hubonyeza alichofunzwa, husikia mstari mmoja, kisha kimya, naye hukata shauri kwamba laptopu imeharibika.

Sababu ya mgawanyiko si ujinga. Mpangilio wa mezani hutegemea namba za upande wa kulia kwa kupitia maandishi: 7, 8 na 9 kwa mistari, 4, 5 na 6 kwa maneno, 1, 2 na 3 kwa herufi moja moja. Laptopu ndogo haina namba hizo. (Na kwenye saiba, Num Lock ikiwa imewaka, namba hizo huandika tarakimu badala ya kusoma, izime kwanza.) Lakini kuhamisha amri ya msingi kabisa, ile ya kusoma mfululizo, kwa ajili ya amri za kitaalamu, hapo NVDA imekosea na tunaihesabia.

Kwa anayeanza, anayetumia Word, barua pepe na kivinjari peke yake, mwekee mpangilio wa mezani hata kwenye laptopu. Namba za kupitia hatazihitaji kwa miezi ya mwanzo. Aliyebobea achukue wa laptopu kisha arudishe mshale mahali pake, hivi. Bonyeza kitufe cha amri na N, ingia Preferences, shuka hadi Input gestures. Kwenye kisanduku cha kuchuja andika caret. Ingia kwenye mti wa amri, fungua kundi la System caret, simama kwenye amri inayosoma kutoka kilipo kishale hadi mwisho wa maandishi. Nenda kwa Tab hadi Add, bonyeza, kisha bonyeza Caps Lock na mshale wa chini. Itatokea menyu ndogo ikiuliza ni kwa mpangilio wa laptopu tu au yote, chagua laptopu. Malizia na OK. Rudia kwa mshale wa juu na amri ya kusoma mstari. Kubadili mpangilio wenyewe ni kitufe cha amri, Ctrl na K.

Hatua inayosahauliwa: kitufe cha amri, Ctrl na C, yaani hifadhi. NVDA huhifadhi mipangilio inapofungwa kwa utaratibu, na stima kukatika si utaratibu. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, kazi yote ya nusu saa huondoka na taa.

Kuandaa mashine nyingine

Narrator ni nyepesi. Windows, Ctrl na Enter huiwasha, hata kwenye skrini ya kuingilia kabla ya nywila. Windows, Ctrl na N hufungua mipangilio yake. Hakikisha mpangilio wa kibodi ni Standard, maana bado kuna ule wa kale uitwao Legacy, na mashine iliyoachwa na Legacy itakataa karibu kila kilichoandikwa hapa. Anayefika saiba peke yake anaweza kumwambia kijana wa zamu, “Mwanangu, nishikie Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja,” na kutoka hapo hahitaji mtu.

JAWS ya ofisini tungeiacha ilivyo. Inawezekana kubadilisha vitufe vyake kwa Keyboard Manager, inayofikiwa kupitia Insert na F2. Lakini mashine ya ofisi ina watu wawili watatu, na ukiihamisha K kwa faida yako umemfungia njia mwenzako. Isitoshe, JAWS isiyo na leseni hufanya kazi dakika 40 kisha hudai kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Nani atapanga vitufe kwa dakika 40?

Njia bora ya kukwepa ugomvi wote ni kutembea na NVDA yako kwenye flashi. Katika menyu ya NVDA ingia Tools, chagua Create portable copy, taja folda kwenye flashi, tuseme E:\nvda, weka tiki kwenye kunakili mipangilio yako, endelea. Vitufe vyote ulivyorekebisha vinakwenda nawe, uwe saiba ya mjini au umevuka kutoka Mokowe hadi Amu. Ukifika, washa Narrator ya mashine hiyo, bonyeza Windows na R, andika E:\nvda\nvda.exe, Enter. Herufi ya flashi hubadilika mashine hadi mashine. Kama E haikubali, itafute kwa Windows na E. NVDA ikishazungumza, zima Narrator mara moja kwa vitufe vile vile ulivyoiwashia. Ukiziacha zote mbili zinasema kwa pamoja na zote zinaidai Caps Lock. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nakala ya flashi ina mipaka. Haisomi lile dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya msimamizi, wala programu zilizofunguliwa kwa ruhusa hiyo. Haijiwashi yenyewe. Ctrl, Alt na N, inayowasha NVDA iliyosakinishwa, haipo hapa. Baadhi ya saiba zimefunga milango ya USB kwa kuogopa virusi, basi uliza kabla ya kulipia saa nzima. Usichomoe flashi kabla ya kufunga NVDA. Na kama mashine bado ni ya Windows 7, toleo la mwisho litakalokubali ni NVDA 2023.3.4, matoleo yaliyofuata hayaikubali Windows 7.

Kiswahili

Kwa ufupi. NVDA huja na sauti za eSpeak NG na Kiswahili kimo. Ni sauti ya mashine hasa, kavu kama ngonda, lakini silabi zake ni sahihi na haipotei hata ukiikimbiza. Kitufe cha amri, Ctrl na V, kisha chagua sauti ya Kiswahili. Ukurasa wa Kiswahili ukisomwa kwa lafudhi ya Kiingereza wakati umeruhusu lugha kubadilika yenyewe, kosa kwa kawaida ni la aliyeutengeneza: hakuandika katika msimbo kwamba lugha ni sw. Wanaojenga tovuti za biashara za hapa pwani, hilo ni neno moja tu la kuongeza.

Ni nani apishe nani?

Hakuna kiwango cha dunia kinachosema kitufe gani cha kisoma skrini kifanye nini. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unawahusu watengenezaji wa tovuti. Toleo la 2.1, la 2018, linawataka wenye amri za herufi moja ndani ya tovuti zao wamwachie mtumiaji njia ya kuzizima au kuzibadilisha. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ina kazi iitwayo ARIA-AT inayopima kama visoma skrini vinaeleza kitu kile kile kwa namna moja, jambo jema, lakini inapima kinachosemwa na sauti. Kidole bado hakina mtetezi. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kifaa akikipata, vitufe vyake vimo mikononi mwa kampuni.

Wanaosema haiwezekani wanasahau kwamba Alt na F4 kufunga dirisha na F1 kuleta msaada zilisambaa kutokana na kanuni ambazo IBM ilizitoa 1987, na leo hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Nukta za Breli nazo ziligombaniwa miaka mingi kati ya Uingereza na Marekani, hadi 1932 zikakubaliana juu ya Breli moja ya Kiingereza.

Kwa maoni yetu hakuna haja ya kusawazisha amri mia mbili. Zinazotosha ni hizi: kunyamaza, kusoma mfululizo, mstari ulipo, jina la dirisha, kubadili hali, kupitisha kitufe, orodha, msaada wa kibodi, kufunga, na herufi za vichwa, viungo, viduara na maeneo. Nyingi tayari zimekubaliwa. JAWS ipishe kwenye Space, K, R na D. NVDA ipishe kwenye mshale wa laptopu na kwenye 3. Narrator haina kubwa la kupisha, ila tungependa Windows, Ctrl na Enter iweze kuwasha kisoma skrini chochote kilichomo, isiwe chake tu. Watumiaji wa JAWS wa miaka ishirini watalalamika, na wana haki. Mazoea yana taabu. Lakini Narrator ilileta Standard bila kufuta Legacy. Waulizwe siku ya kwanza wanataka upi, wachague, basi.

Simu tunaipita haraka. TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone, visoma skrini vya simu, hukubaliana kwenye msingi: kutelezesha kidole kulia kwenda mbele, kugonga mara mbili kufungua, vidole viwili mara mbili kusimamisha muziki. Huachana kwenye kusogeza ukurasa, TalkBack kwa vidole viwili, VoiceOver kwa vitatu. Anayehama kutoka moja hadi nyingine huumia wiki moja.

Kwa kigezo cha vidole peke yake, tunaipa NVDA nane kwa kumi, ikipoteza mbili kwa mpangilio wa laptopu. Narrator saba: vitufe vizuri, na ipo kila mahali, ila haibebeki pamoja na mipangilio yako. JAWS sita, na sita hiyo haigusi uwezo wake ndani ya Word na Excel, ambako bado ina nguvu.

Jambo la kufanya kabla hata ya kuchagua programu: unaponunua laptopu ya mtumba hapa mjini, muombe muuzaji akuwashie Narrator, bonyeza Caps Lock na 1, kisha pitia kila kitufe kimoja kimoja, safu kwa safu, kuanzia Esc. Kila kitufe kitajitaja. Kinachonyamaza, ukiondoa Fn, kimekufa, na hewa ya chumvi ya Malindi huua vitufe kabla ya betri. Jaribu Caps Lock mara kumi, na ujaribu kushika Caps Lock, Ctrl na Shift pamoja na mshale, maana kibodi za bei ya chini hushindwa kuhisi vitufe vinne kwa wakati mmoja. Kama wamekifunika kibodi kwa mpira wa kuzuia vumbi, utoe. Huficha mwinuko wa F na J, na bila mwinuko huo hujui mkono umekaa wapi. Ukimaliza bonyeza Caps Lock na 1 tena kutoka, ndipo muanze kuzungumza bei.